Deni la Tambi

Ninayo kamusi ya Kichina niliyoinunua Beijing mwaka 1984. Imechakaa, na jalada lake jekundu la plastiki limeachana na kurasa. Kwa miaka 30 ndani ya kamusi hiyo zilikaa karatasi tatu ndogo ambazo mke wangu alizidhania kuwa tiketi za basi. Hazikuwa tiketi. Zilikuwa kuponi za nafaka, kila moja ya jin moja, yaani nusu kilo, na kwa haki hazikuwa zangu. Nilizitafuta ili nimlipe mtu aliyenilisha, nikachelewa kumlipa, nikaondoka nazo. Mwaka 2019 nilizirudisha China. Nataka kueleza habari ya safari hiyo, na ya mabakuli ya tambi niliyokula tena katika miji mitatu, lakini sitaweza bila kwanza kurudi nyuma, na mahali pengine itanibidi nirudi nyuma sana.

Kwetu Tanga tambi ni chakula cha asubuhi ya Idd. Mama alikuwa akizivunjavunja, akizikaanga kwa samli mpaka zipate rangi ya dhahabu, kisha akitia sukari, iliki na zabibu kavu, na mwaka wa neema akiongeza tui la nazi. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kufikiri juu ya tambi zenye chumvi, sembuse tambi zinazoogelea katika mchuzi. Siku nilipoletewa bakuli la kwanza Beijing, Septemba 1984, nilijiona kama mtu aliyetiliwa chumvi katika chai.

Nilikuwa na umri wa miaka 22. Nilipelekwa kusomea uhandisi wa nguo, maana siku hizo nchi yetu ilikuwa na viwanda vingi vya nguo, na kile cha Urafiki pale Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, kilihitaji mafundi wanaoweza kusoma maandishi ya kwenye mashine. Mwaka wa kwanza tuliwekwa Beijing kujifunza lugha. Bwalo la chuo lilikuwa na chakula cha kutosha, ila nyama ilikuwa ya nguruwe, na kwa Kichina ukisema "nyama" tu, bila kutaja mnyama, basi ni nguruwe uliyemtaja. Nilikula mayai na kabichi mwezi mzima. Ndipo Mzambia mmoja, ambaye wala hakuwa Mwislamu, aliponipeleka kwenye mlango wenye kibao cha kijani kilichoandikwa kwa Kiarabu na Kichina, akaniambia: "Bwana, hapa ndipo penu." Maneno ya Kichina yaliyokuwa pale husomwa qingzhen, maana yake safi na kweli, nayo ndiyo Waislamu wa China hutumia wanapotaka kusema halali.

Humo nililetewa zhajiangmian, chakula ambacho watu wa Beijing hujivunia. Ni tambi nene zilizochemshwa na kuchujwa, juu yake limewekwa rojo jeusi la soya iliyochachuliwa na kukaangwa pamoja na nyama, na pembeni kuna tango bichi lililokatwa nyembamba kama njiti za kiberiti. Kwa kawaida nyama hiyo ni nguruwe; kwa Waislamu huwa ng'ombe au kondoo. Mlaji huvuruga mwenyewe. Sikukipenda sana, kilikuwa na chumvi nyingi, lakini kilikaa tumboni mpaka jioni, na kwa mwanafunzi hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko ladha.

Watu wengi wameniuliza kama ni kweli kwamba tambi zilitoka China zikapelekwa Italia na Marco Polo. Si kweli. Marco Polo alirudi Venice mwaka 1295, na zaidi ya karne moja kabla yake, mwaka 1154, al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu aliyekuwa katika jumba la mfalme wa Sicily, aliandika habari za mji mdogo wa Trabia, karibu na Palermo, ambako zilitengenezwa tambi kavu za ngano, zilizoitwa itriyya, zikapakiwa majahazini kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Kwa hiyo Waitalia hawakumngoja Marco Polo. Lakini Wachina nao wana haki ya kusema kwamba walitangulia. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kwamba katika kijiji cha kale cha Lajia, kando ya Mto Manjano, katika jimbo la Qinghai, lilikutwa bakuli la udongo lililopinduka kifudifudi, na chini yake tambi nyembamba za urefu wa kama nusu mita, zenye umri wa miaka 4,000 hivi. Kijiji hicho kiliangamizwa na tetemeko la ardhi na mafuriko, watu wakafa majumbani mwao, na bakuli likabaki lilivyoanguka. Tambi zile hazikuwa za ngano. Zilikuwa za nafaka ndogo za jamii ya mawele, na wapo wataalamu waliobisha kwamba unga wa aina hiyo hauvutiki. Mimi nimewahi kushika donge la tambi kwa mikono yangu, na ubishi wao naufahamu. Donge lisilo na mnato wa ngano hukatika kama udongo mkavu.

Ngano yenyewe ilikuja China kutoka magharibi, na kwa muda mrefu ililiwa nzima nzima kama wali, mpaka mawe ya kusagia yalipoenea wakati wa utawala wa Han, kama miaka 2,000 iliyopita. Hata hapo tambi hazikuwa na jina lake. Neno bing lilitumika kwa kila kitu kilichotokana na unga uliokandwa, kiwe mkate, andazi au tambi. Majina tofauti tofauti yalikuja baadaye, na chini ya utawala wa Song mji mkuu wa Kaifeng ulikuwa na mikahawa ya tambi ya kuchagua.

Mwaka 1985 nilihamia Xi'an. Ni mji wa kale wenye ukuta, na ndani ya ukuta upo mtaa wa Waislamu uliozunguka Msikiti Mkuu, msikiti wenye paa za vigae zilizopinda kama za hekalu la Kichina. Mgeni anaweza kupita ndani ya ua wake wote asijue kuwa ni msikiti mpaka aone maandishi. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na China katika miaka ya 1340, aliandika kwamba katika kila mji wa China Waislamu walikuwa na mtaa wao. Nilipousoma ukurasa huo nilicheka, kwa kuwa miaka 640 baadaye na mimi niliufuata mtaa huo kwa pua.

Katika uchochoro mmoja nyuma ya msikiti kulikuwa na mkahawa wa meza nne. Mwenyewe alikuwa mtu wa miaka kama 50, mfupi, mwenye mikono minene. Jina lake sitaliandika. Tulimwita Shifu, kama sisi tunavyomwita mtu Fundi. Nilipoingia mara ya kwanza nilimwamkia "Assalamu aleikum." Akaacha donge mezani, akanitazama juu mpaka chini, akauliza kwa Kichina cha taratibu, kana kwamba anasema na mtoto: "Kwenu mnaisema?" Wao hiyo huiita seliamu. Tangu siku hiyo nilikuwa na kiti changu, karibu na jiko.

Shifu hakuwa mtu wa Xi'an. Alitoka Gansu, jimbo la upande wa magharibi, na ufundi wake aliupata Lanzhou, mji mkuu wa jimbo hilo. Alikuwa akichukua donge la ukubwa wa mkono, akilivuta mpaka mikono yake ikanyooka kama ya mtu anayetaka kukumbatia mti, akilikunja katikati, akivuta tena. Mkunjo wa kwanza nyuzi mbili, wa pili nne, wa tatu nane. Wa saba ni nyuzi 128, na wa nane, akitaka zile nyembamba kama nywele, ni 256. Kazi yote haimalizi dakika mbili. Nami siku hizo darasani nilikuwa nikihangaika na somo la usokotaji, namna pamba inavyovutwa ikapungua unene, ikaunganishwa na nyingine, ikavutwa tena, ili mahali pembamba pafichwe na mahali panene. Mwalimu alijaza ubao kwa hesabu, sikumwelewa. Nilielewa mbele ya jiko la Shifu, na mtihani ule nilipata alama nzuri kuliko nilizostahili.

Sasa nieleze kuponi. Tangu mwaka 1955 serikali ya China iligawa nafaka mijini kwa kuponi. Mtu mzima wa kazi ya kawaida alipata kiasi cha kilo 13 hadi 15 kwa mwezi, na hakuweza kununua unga, mchele, hata andazi katika duka la serikali kwa fedha peke yake. Sharti atoe na kuponi. Jambo hilo halikunishangaza hata kidogo. Nilitoka Tanzania mwaka 1984, na pale nyumbani sukari, sabuni na unga tulivipata kwa foleni, na kwa majina yaliyoandikwa na balozi wa nyumba kumi. Wenzangu wa nchi nyingine walilalamika, mimi nikaona nipo kwetu. Kufikia miaka hiyo watu binafsi wa China walikuwa wameruhusiwa kufungua mikahawa, na Shifu alikuwa mmoja wao. Ukimpa kuponi alikutoza senti chache, kwa sababu kwa kuponi yako angenunua unga wa bei ya serikali. Usipompa, ulilipa zaidi, kwani ilimbidi anunue unga wa soko huru. Bakuli lilihesabiwa kwa uzito wa unga: liang mbili kwa mwenye njaa ndogo, tatu kwa mwenye njaa kamili. Liang kumi hufanya jin moja. Mimi nilikuwa mtu wa liang tatu.

Mwezi wa Desemba 1988 kulitokea ghasia Nanjing baina ya wanafunzi wa Kichina na wanafunzi wa Kiafrika. Zilianza langoni mwa chuo usiku wa mkesha wa Krismasi, zikaingia barabarani, na waandamanaji wakapita mjini wakitaka Waafrika waadhibiwe. Nanjing ni mbali na Xi'an, lakini habari haina miguu wala haihitaji nauli. Katika kituo cha basi nilirushiwa maneno, kisha ganda la tikiti, kisha jiwe. Tuliambiwa tusitoke bwenini. Baridi ilikuwa kali, posho ilichelewa, na mimi nikapatwa na homa ya mapafu. Sikumpelekea Shifu habari yoyote. Labda aliona kiti kitupu, labda mtu alimwambia, sikupata kumwuliza. Siku ya tatu mlinzi wa lango aliniletea kopo la bati lenye supu ya nyama ya ng'ombe, na pembeni tambi zimefungwa katika kitambaa, zisije zikavimba njiani. Zililetwa hivyo siku tisa, liang tatu kila siku.

Nilipopona nilikwenda kulipa. Fedha alizipokea bila maneno. Kuponi sikuwa nazo, kwa kuwa zangu zilikuwa zimekatwa bwaloni kwa chakula ambacho sikukila. Aliandika ukutani kwa kipande cha mkaa: jin mbili, liang saba. Hakuwa na hasira, wala hakutania. Kwa ujana wangu nilimwona bahili. Mtu aliyenipa supu na nyama siku tisa sasa ananihesabia karatasi! Ilinichukua miaka mingi na vitabu kadhaa kufahamu. Katika njaa kubwa ya miaka 1959 hadi 1961 Gansu lilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoumia kuliko yote. Shifu wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hakupata kunisimulia habari za miaka hiyo, ila nilimwona mara nyingi akikusanya kwa kidole unga uliobaki mezani, na mteja akiacha tambi bakulini alimtazama mpaka mteja huyo anainama na kuzimaliza. Kwa mtu kama huyo kuponi ilikuwa chakula chenyewe.

Mwezi wa Mei 1989 nilifanikiwa kupata kuponi tatu za jin moja moja. Nilikwenda, mkahawa umefungwa. Mji ulikuwa umejaa maandamano, na maduka yakifungwa na kufunguliwa ovyo. Juni 4 jeshi lilipowafyatulia risasi waandamanaji Beijing, tulihimizwa kuondoka, na ndani ya wiki mbili nilikuwa Dar es Salaam bila cheti, ambacho kilinifuata kwa posta mwaka uliofuata. Kuponi zilikuwa ndani ya kamusi.

Miaka 30 ikapita. Nilifanya kazi viwandani mpaka viwanda vikafa kimoja kimoja, nikafundisha, nikastaafu. Binti yangu alikwenda kusomea udaktari, na kwa bahati, au kwa sababu ya hadithi zangu, akapata nafasi Xi'an. Nilikwenda mahafali yake.

Beijing sikukaa. Nilikula zhajiangmian katika mtaa wa Niujie, mtaa wa Waislamu wenye msikiti wa kale, na rojo lilikuwa lile lile, ila daktari amenipunguzia chumvi, kwa hiyo niliacha nusu na kuogopa kutazamwa.

Xi'an ndiyo iliyonipoteza. Njia kuu ya mtaa wa Waislamu imekuwa ya watalii. Taa nyekundu kila mlango, ngisi wa kuchomwa katika vijiti virefu (mji ulio mbali na bahari kiasi hicho!), vijana wakipiga kelele kuita wateja. Nilimwambia binti yangu kwamba nimepasahau. Akasema: "Hapana, Baba, hujapasahau. Pamekwenda." Basi tukala kwanza tambi za wenyeji, ambazo zamani nilizipuuza kwa kumfuata Shifu, aliyekuwa akisema kwamba watu wa Shaanxi wanakula mikanda ya suruali. Kweli wenyewe wana usemi kwamba tambi zao ni pana kama mikanda. Hazina supu. Huchemshwa, huwekwa bakulini na siki na mchuzi wa soya, juu yake pilipili ya unga na kitunguu saumu, kisha mpishi humwagia mafuta yaliyochemka mpaka yanapiga ukelele. Aina moja huitwa biangbiang, na herufi yake ina mistari zaidi ya 50, wala haikuingizwa katika orodha ya herufi za kompyuta duniani mpaka mwaka 2020. Nakiri kwamba nilikosea. Tambi zile ni tamu. Zina ukaidi mdomoni, na ile siki inakata mafuta kama ndimu inavyokata samaki wa kukaanga. Ningekuwa nimezila miaka minne kama si kumwamini Shifu kwa kila jambo.

Karibu na chuo cha binti yangu palikuwa na mkahawa ulioandikwa "tambi za Lanzhou", na yeye alidhani ndizo nilizokuwa nikimsimulia. Tulizila. Supu ilikuwa ya unga wa pakiti, nyama vipande vitatu vya kuonyesha. Nilimwuliza kijana aliyevuta tambi anatoka wapi, akasema Hualong. Hualong ipo Qinghai, si Gansu. Wilaya hiyo ni maskini, yenye Waislamu wengi, na watu wake ndio waliofungua maelfu ya mikahawa ya namna hiyo China nzima tangu miaka ya 1980, wakatumia jina la Lanzhou kwa sababu lilijulikana. Watu wa Lanzhou hununa wakisikia hivyo. Mimi siwalaumu wa Hualong. Walitafuta riziki kwa jina la jirani, na yule kijana alivuta vizuri. Ila supu haikuwa supu.

Kwa hiyo tulikwenda Lanzhou. Mwaka 1987 Shifu alinituma huko nikaonje, akaniambia nifike kabla ya saa mbili asubuhi. Nilipanda treni jioni, nikakaa kwenye benchi gumu usiku kucha. Safari hii, kwa reli ya mwendo kasi iliyofunguliwa mwaka 2017, ilikuwa saa tatu tu, na binti yangu alilala zote.

Lanzhou tambi ni chakula cha asubuhi. Wala hawasemi "tambi za Lanzhou", husema tambi za nyama ya ng'ombe, na mikahawa mingi hufunga alasiri supu inapokwisha. Bakuli zuri lina mambo matano: supu angavu, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, majani mabichi, na tambi za rangi ya njano. Nilikaa nalo muda mrefu kuliko ilivyo adabu, maana niliona kila kimoja kina umri wake. Tambi ndizo kongwe. Lajia haipo mbali na hapo. Ngano ilikuja baada ya mawele. Nyama ya ng'ombe iliyochinjwa kihalali, na viungo kama bizari nyembamba, ni vya Waislamu, ambao wengi wa mababu zao waliletwa kutoka Asia ya Kati na Uajemi wakati wa Wamongolia, karne ya 13. Pilipili ni ya Amerika, na China haikuifahamu kabla ya karne ya 16. Mtu anayesema bakuli hilo, lilivyo leo, ni la tangu na tangu anasahau ile nyekundu. Wapo wanaodai ufundi huo uliletwa na mtu wa Henan mwishoni mwa karne ya 18. Anayetajwa zaidi ni Ma Baozi, Mwislamu maskini wa Lanzhou, aliyeanza mwaka 1915 kwa kupika nyumbani na kuchukua tambi mabegani kwa mzegazega, akiuza mitaani.

Na ile njano? Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Hutokana na majivu ya kichaka cha jangwani, yaliyochomwa mpaka yakawa mawe, yakasagwa na kutiwa katika donge ili livutike bila kukatika. Ni magadi. Mama yangu alitia magadi katika kisamvu na maharage ili vilainike. Wao hutia magadi yao katika ngano ili iwe na mvuto. Siku hizi wengi hutumia unga wa kiwandani. Ndiyo sababu, nadhani, ile harufu hafifu ya moshi niliyoikumbuka ya mwaka 1987 sikuipata. Supu, hata hivyo, ilikuwa bora kuliko ya kumbukumbu yangu, labda kwa kuwa sasa nyama ni nyingi. Tulilipa yuan nane kila mmoja. Bei hiyo si mchezo kule. Mwaka 2007 bakuli lilipopanda kwa nusu yuan, watu walilalamika hadi serikali ya mji ikaweka kikomo cha yuan mbili na nusu.

Binti yangu alimaliza lake, akasema: "Ya Shifu wako ilikuwa hivi?" Nikafikiri. Haikuwa. Ya Shifu ilikuwa na supu hafifu zaidi na figili nyingi, na yeye mwenyewe alilaumu maji ya Xi'an. Lakini ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

Tulirudi Xi'an, na siku ya mwisho kabla ya ndege tuliupata uchochoro, kwa kuuliza wazee msikitini baada ya adhuhuri. Mkahawa upo, una meza sita na jina jipya. Aliyekuwa jikoni ni mkewe mwana wa Shifu. Shifu alifariki kitambo, akasema, na mwanawe naye anaumwa mgongo, havuti tena. Habari yangu hakuwahi kuisikia. Aliolewa pale baada ya mimi kuondoka, na ukuta wa mkaa ulikwisha kupakwa rangi mara nyingi. Nilimweleza kwa Kichina changu cha kutu, binti yangu akinisahihisha, kisha nikaweka zile karatasi tatu mezani.

Alicheka. Akaita mwanawe, kijana wa shule, aje aone. Kijana akauliza ni kitu gani. Mama akamwambia kwamba kuponi hizo zilifutwa mwaka 1993, na siku hizi huuzwa kwa watalii. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza deni lilikuwa kiasi gani hasa.

"Jin mbili, liang saba."

Akahesabu karatasi kwa kidole chenye unga. Moja, mbili, tatu. Akazitia mfukoni mwa aproni yake.

"Liang tatu ni chenji yako," akasema, akakata donge.

Tambi zilikuja nene kuliko za mkwewe, na pilipili ilizidi. Binti yangu alitaka kulipia lake kwa simu, akazuiwa, akasisitiza, mwishowe akaruhusiwa kulipia yuan mbili za nyama ya ziada. Mimi nililimaliza langu lote.